Mipaka ya Mikoa na Mipaka ya Lugha: Jiografia ya Watu wa Tanzania kwa Mtafiti wa Isimu

1.0 Utangulizi

Msomaji wa tasnifu za isimu zinazoandikwa katika vyuo vyetu hukutana mara kwa mara na aya moja ambayo sura yake haibadiliki. Aya hiyo hueleza kwamba lugha inayochunguzwa huzungumzwa katika mkoa fulani, kwamba mkoa huo umepakana na mikoa fulani upande wa kaskazini na upande wa kusini, na kwamba, kwa mujibu wa sensa, una watu kadha wa kadha. Baada ya hapo mtafiti huingia katika fonolojia au mofolojia yake, na takwimu ile haitajwi tena. Hata hivyo, imekwisha kufanya kazi yake. Imemwachia msomaji dhana kwamba watu wa mkoa na wasemaji wa lugha ni kundi moja, au walau ni makundi yanayokaribiana.

Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi, na kwamba madhara yake si madogo. Hoja yetu ni moja: mkoa ni chombo cha utawala, nao una tabia mbili zinazouondolea sifa ya kuwa kipimo cha lugha. Kwanza, mipaka yake huhama wakati watu wametulia. Pili, watu huhama wakati mipaka imetulia. Tutaanza kwa kueleza ngazi za utawala na majina yake, kisha tutachunguza kila moja ya tabia hizo mbili, na mwisho tutapendekeza utaratibu ambao mtafiti anaweza kuufuata.

2.0 Ngazi za Utawala na Istilahi Zake

Tanzania ina mikoa 31: mikoa 26 Tanzania Bara na mikoa 5 Zanzibar. Upande wa Bara mkoa hugawanywa katika wilaya, wilaya katika tarafa, na tarafa katika kata. Chini ya kata, sehemu za mashamba zina vijiji, na kila kijiji kina vitongoji vyake. Miji ina mitaa. Zanzibar mkoa hugawanywa katika wilaya, na ngazi ya msingi chini ya wilaya ni shehia, ambayo kiongozi wake ni sheha.

Istilahi hizi zenyewe ni kumbukumbu ya historia. Wilaya ni neno la asili ya Kiarabu, lenye mzizi mmoja na liwali, cheo kilichojulikana pwani tangu enzi za utawala wa Kisultani. Tarafa nayo ni ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni upande au ukingo. Sheha ni shehe aliyepewa kazi ya utawala. Kijiji, kwa upande mwingine, kimetokana na mji kwa njia ya udogoishaji, nacho ni mali ya Kibantu tangu awali.

Neno lenye historia ya kuvutia zaidi ni jimbo. Katika enzi ya Waingereza Tanganyika iligawanywa katika majimbo machache makubwa, kama vile Jimbo la Ziwa, Jimbo la Kati, Jimbo la Magharibi na Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya uhuru, majimbo hayo yalivunjwa na mahali pake pakachukuliwa na mikoa. Neno jimbo halikufa; lilipoteza kazi moja likabaki na nyingine. Leo nchini Tanzania jimbo ni eneo la uchaguzi wa mbunge, na katika Kanisa Katoliki ni eneo lililo chini ya askofu. Nchini Kenya neno hilo limefuata njia tofauti. Huko majimbo yalikuwa jina la mfumo wa utawala uliowekwa na katiba ya 1963. Baada ya katiba ya 2010 kuunda kaunti 47, wako wanaoziita kaunti hizo majimbo, ilhali eneo la mbunge huitwa eneobunge. Mtafiti anayesoma maandishi ya nchi hizi mbili hana budi kujua kwamba neno lile lile halitaji ngazi ile ile.

Kadhalika yapasa kutofautisha mkoa na kanda. Twasema Kanda ya Ziwa, Kanda ya Kati, Nyanda za Juu Kusini. Majina haya yanatukumbusha majimbo ya zamani, lakini kanda si ngazi ya serikali yenye mipaka iliyotangazwa kisheria kama mkoa. Mipaka yake hutegemea anayeitumia na shughuli anayoitumia.

3.0 Majina ya Mikoa na Maana Yaliyobebeshwa

Tukiyatazama majina ya mikoa 26 ya Bara, twaona kwamba mengi ni majina ya miji: Arusha, Dar es Salaam, Dodoma, Geita, Iringa, Kigoma, Lindi, Mbeya, Morogoro, Mtwara, Mwanza, Njombe, Shinyanga, Singida, Tabora na Tanga. Matano ni majina ya mito: Kagera, Mara, Ruvuma, Simiyu na Songwe. Mawili ni ya maziwa, yaani Manyara na Rukwa. Moja ni la mlima, nalo ni Kilimanjaro. Katavi lahusiana na hifadhi ya wanyama. Na Pwani hujieleza. Mikoa ya Zanzibar hutajwa kwa pande za dunia na kisiwa: Kaskazini Unguja, Kusini Unguja, Mjini Magharibi, Kaskazini Pemba na Kusini Pemba.

Jambo la kuzingatia ni lile lisilokuwamo. Kiswahili kina njia ya kawaida ya kuunda jina la nchi kutokana na jina la watu, nayo ni kiambishi u-: Usukuma, Ugogo, Uhehe, Uzaramo, Unyamwezi. Hakuna hata mkoa mmoja uliopewa jina la umbo hili. Mkoa unaojumuisha sehemu kubwa ya Uhehe huitwa Iringa, na ule unaojumuisha Ugogo huitwa Dodoma. Hata Arusha, ambalo kwa asili ni jina la watu, yaani Waarusha, lilipata kuwa jina la mkoa kwa kupitia mji. Kwa hiyo majina ya mikoa yanaafikiana na siasa ya taifa iliyokataa kabila liwe msingi wa utawala.

Lakini lugha haitii amri kwa ukamilifu. Katika mazungumzo ya kila siku, mtu anayeona haya kumwuliza mwenziwe kabila lake humwuliza: "Wewe ni mwenyeji wa mkoa gani?" Jibu hupokelewa kana kwamba kabila limetajwa. "Mtu wa Moshi" hufahamika kuwa Mchaga. "Mtu wa Bukoba" hufahamika kuwa Mhaya. Hivyo jina la mahali, lililochaguliwa ili lisiwe la kabila, limebebeshwa maana ya kabila kwa mlango wa nyuma. Mwanafunzi anapoandika idadi ya watu wa mkoa mahali pa idadi ya wasemaji, haanzishi kosa jipya. Anahamishia katika tasnifu matumizi aliyoyazoea barazani.

4.0 Mipaka Inayohama

Tangu Muungano wa 1964 Tanzania imefanya sensa sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Katika muda huo idadi ya watu imeongezeka kutoka takriban milioni 12.3 mwaka 1967 hadi 61,741,120 mwaka 2022. Mikoa nayo imeongezeka. Sensa ya 1967 ilikuta mikoa 17 upande wa Bara. Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971, Rukwa ukaundwa mwaka 1974, na Dar es Salaam ukatenganishwa na Pwani katika miaka hiyo hiyo ya 1970, hata sensa ya 1978 ikakuta mikoa 20. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina ukawa Kagera. Manyara ulizaliwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mwaka 2012 iliongezwa mikoa minne: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 Songwe ulitengwa na Mbeya.

Athari ya mabadiliko haya kwa takwimu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika sensa ya 1988 Mkoa wa Arusha ulikuwa na watu takriban milioni 1.35. Katika sensa ya 2002 ulikuwa na takriban milioni 1.29. Asiyejua historia ya mipaka atasema kwamba watu wa Arusha walipungua katika muda wa miaka 14. Ukweli ni kwamba sehemu ya mkoa ule ilikuwa sasa Manyara, yenye watu wapatao milioni 1.04, na eneo lote la zamani lilikuwa limefikia watu milioni 2.3. Jambo hili hili limejirudia Mbeya: watu 2,707,410 mwaka 2012, na watu 2,343,754 mwaka 2022. Watu hawakupungua. Songwe, yenye watu 1,344,687, ilikuwa imekwisha kuondoka katika hesabu.

Mgawanyo wa Mbeya una funzo jingine kwa mwanaisimu. Wilaya za Rungwe na Kyela, ambako Kinyakyusa ni lugha ya wenyeji, zilibaki Mbeya. Mbozi, ambako kuna Kinyiha, na Ileje, ambako kuna Kindali, zilikwenda Songwe. Kwa hiyo sentensi isemayo "Kinyiha huzungumzwa Mkoa wa Mbeya", ambayo ilikuwa sahihi katika maandishi ya kabla ya 2016, leo humpeleka msomaji mahali pasipo. Hali kadhalika Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni kazi ambayo mtafiti yeyote hana budi kuirejea. Lakini yapasa isomwe kwa kukumbuka kwamba iliandaliwa kabla ya mikoa mitano ya mwisho kuundwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ziwa Eyasi. Pembezoni mwa ziwa hilo wanaishi Wahadza, wanaokadiriwa kuwa watu elfu moja hivi, wenye lugha ya vidoko ambayo wataalamu wengi leo huiona kuwa haina jamaa inayojulikana. Majirani zao husema Kiiraki, ambacho ni lugha ya Kikushi. Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Na Kinyiramba, Kiihanzu na Kisukuma, ambazo ni lugha za Kibantu. Kabla ya 2002 nchi ya Wahadza iligawanyika katika mikoa mitatu: Arusha, Singida na Shinyanga. Manyara ulipoundwa, Mbulu ilikwenda Manyara na Karatu ikabaki Arusha. Simiyu ulipoundwa, Meatu iliondoka Shinyanga. Wahadza wale wale, bila kuvuka hata kijito kimoja, wakajikuta katika mikoa minne: Arusha, Manyara, Singida na Simiyu. Lugha ya watu elfu moja imekuwa sehemu ndogo mno ya mikoa minne yenye jumla ya watu zaidi ya milioni 8. Hakuna jedwali la mkoa linaloweza kuionyesha.

5.0 Watu Wanaohama

Hata kama mipaka isingeguswa, watu wasingekaa mahali pamoja. Jiografia ya watu wa Tanzania ina sura inayojulikana tangu zamani: watu wengi wamejikusanya pembeni mwa nchi, katika nyanda zenye mvua kama miteremko ya Kilimanjaro, milima ya Rungwe, nchi ya Bukoba na mwambao wa Ziwa Viktoria, ilhali sehemu kubwa za katikati na magharibi, zenye ukame au mbung'o, zilikuwa na watu wachache. Tofauti hiyo bado ipo. Mwaka 2022 Tanzania ilikuwa na watu kama 70 kwa kila kilometa ya mraba. Lakini Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 18 tu, na Dar es Salaam zaidi ya 3,800. Watu wamekuwa wakitoka palipojaa kwenda palipo na nafasi, au kwenda mjini.

Uhamaji huu una historia ndefu. Mashamba ya mkonge ya Tanga yaliwavuta vibarua wa mkataba kutoka sehemu za mbali kama Kigoma na Ruvuma, nao wakaitwa manamba, neno lililotokana na namba walizopewa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikusanya kaya zilizotawanyika, ikawaweka pamoja watu waliokuwa mbalimbali. Jiji la Dar es Salaam lilikuwa na watu 272,821 mwaka 1967. Mwaka 2022 mkoa wake ulikuwa na watu 5,383,728. Hapana anayeweza kudai kwamba hao ni wasemaji wa Kizaramo, ingawa nchi ile ni Uzaramo. Zanzibar nako, Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa mwaka 2022 na watu 893,169 kati ya 1,889,773, yaani karibu nusu ya watu wote, wakiwamo waliotoka Pemba na mashamba ya Unguja pamoja na lahaja zao.

Hata hivyo, ni Katavi inayotupa onyo kali zaidi. Mwaka 2012 mkoa huo ulikuwa na watu 564,604. Mwaka 2022 walikuwa 1,152,958, yaani zaidi ya maradufu katika miaka kumi. Miongoni mwa lugha za wenyeji wa huko ni Kipimbwe, Kibende na Kikonongo. Je, wasemaji wa Kipimbwe wameongezeka maradufu? La hasha. Katavi imepokea wahamiaji wengi, wakiwamo wafugaji na wakulima Wasukuma ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakishuka kusini na magharibi kutafuta malisho na mashamba. Aidha, katika makazi ya Katumba na Mishamo waliwekwa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na wengi wao pamoja na watoto wao wamepewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo ongezeko lile lile ambalo katika jedwali laonekana kuwa neema kwa mkoa, kwa Kipimbwe laweza kuwa dalili ya hatari: lugha ndogo imezungukwa na lugha kubwa zaidi katika nchi yake yenyewe. Aliyetumia takwimu ya mkoa kama kipimo cha lugha hakukosea kidogo. Amesoma ishara kinyume.

Kisukuma nacho hakitoshi katika mikoa inayohesabiwa kuwa yake. Mbali na Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita, chasikika Tabora, Rukwa, Katavi, Usangu na bonde la Kilombero. Wafugaji walipoondolewa Ihefu, katika bonde la Usangu, mnamo 2006 na 2007, baadhi yao walifika hadi Lindi. Mtafiti anayejumlisha watu wa mikoa minne ya kaskazini atahesabu wengi wasiokisema na kuwaacha wengi wanaokisema.

6.0 Sensa na Swali Lisiloulizwa

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tusipate takwimu kutoka katika sensa yenyewe? Jibu ni kwamba sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kutupatia takwimu za makabila nchini Tanzania. Tangu hapo swali hilo halikuulizwa, na lugha mtu anayoisema nyumbani haikuchukua mahali pake. Uamuzi huo ulikuwa na sababu. Taifa changa lililotaka umoja halikuona faida ya kuwahesabu raia wake kwa makundi ambayo yangeweza kushindanishwa, na wengi wetu tuliokulia katika utulivu huo hatuna haki ya kuubeza.

Wala tusidhani kwamba hesabu ya makabila ingetutatulia tatizo. Kenya huchapisha hesabu hiyo, na imefanya hivyo hata katika sensa ya 2019. Lakini kabila si lugha. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano ni Wasuba, na wengi wao husema Kijaluo. Anayehesabu Wasuba hajahesabu wasemaji wa Kisuba. Swali linalomfaa mwanaisimu si "Wewe ni nani?" bali "Nyumbani mnasema lugha gani, na watoto wenu je?" Maswali haya mawili ni tofauti, na la pili laweza kuulizwa bila kulifufua la kwanza.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Maadamu takwimu za lugha hazipo katika sensa, mtafiti afanyeje? Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, aeleze eneo la lugha kwa ngazi ya chini kabisa inayowezekana: kata na kijiji upande wa Bara, shehia upande wa Zanzibar. Pili, kila takwimu iandamane na mwaka wa sensa na mipaka ya mwaka huo. Ikiwa mipaka imebadilika, aoanishe wilaya kwa wilaya kabla ya kulinganisha. Tatu, aitenganishe idadi ya wakazi na idadi ya wasemaji, na pale anapokadiria aseme wazi kwamba anakadiria na aeleze njia aliyotumia. Nne, afanye hesabu yake mwenyewe, japo katika vijiji vichache, akizingatia umri. Kwa maana kijiji chenye wasemaji 500 ambao wote wamepita miaka 50 hakilingani na kijiji chenye wasemaji 200 ambao nusu yao ni watoto.

Kazi hii ni ya jasho, nayo haivutii kama uchambuzi wa toni au wa njeo. Lakini maamuzi yanayofuata huitegemea. Lugha inayodhaniwa kuwa na wasemaji laki tano, kwa sababu mkoa wake una watu laki tano, haitaonekana kuwa na haraka ya kurekodiwa; mwanafunzi ataiacha akatafute nyingine, na mfadhili naye ataipita. Wazee wanaoijua hawataisubiri sensa ijayo. Mipaka ya mikoa imechorwa na serikali kwa ajili ya kazi zake, nayo inazifaa kazi hizo. Mipaka ya lugha hakuna mwingine aliyekabidhiwa kuichora. Ni wajibu wetu, na kuuacha wajibu huo kwa jedwali la sensa ni kumtwika mwingine mzigo ambao hakuwahi kuupokea.